Kibati Namba Ishirini na Saba

Nilipigwa picha ya ushindi nikiwa nimekenua meno yote, huku mwanamke mwenye mguu uliovunjika akiita watu msituni, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka pale niliposimama.

Sikumsikia. Ila nilijua yumo.

Hapana, ngoja niseme vizuri. Nilijua anaweza kuwa yumo, nikaamua kutojua.

Picha hiyo ipo hadi leo. Ukiiangalia kwa makini, nyuma ya sikio langu la kulia kuna kitu kinang'aa. Hicho ndicho kisa chenyewe, na sijawahi kukiandika mahali popote.

Wadau, msinionee huruma. Someni tu.

Wilaya yetu haina kiwanda wala bandari. Ina miti. Ukipanda juu ya paa lolote unaona miti mpaka macho yachoke, na siku za mapumziko watu wa mjini wanamiminika kuja kuitembelea. Wengine wanakuja na mahema, wengine na baiskeli, wengine na watoto na mpira. Wapo wanaokuja na darubini shingoni kuangalia ndege, wanarudi jioni na tope hadi magotini, wamefurahi utadhani wameokota almasi.

Mimi nilikuwa mtu wa getini. Kazi yangu ilikuwa ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa ukutani nyuma ya meza yangu, una misumari sitini, na kila msumari una kibati chake chenye namba. Mgeni akiingia msituni anapewa kibati. Akitoka anakirudisha, nakitundika. Ubao ukijaa, msitu hauna mtu, tunafunga geti saa kumi na moja jioni na kila mmoja anakwenda kwake. Ukiwa na pengo hata moja, hatuondoki.

Vile vibati alivikata kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa fundi bati, tena si wa kubahatisha. Alivikata vyote sitini siku moja, kutoka bati moja, akavigonga namba kwa mkono. Mwaka uliofuata alianguka kutoka kwenye paa la watu, akaumia mgongo, na tangu hapo dunia yake ikawa kitanda, dirisha na simu.

Mkewe ndiye niliyemtafutia kazi pale msituni. Tulikuwa tunamwita Kipenga.

Shemeji huyu alikuwa mtu wa mwisho kutoka msituni kila jioni. Anazunguka njia fupi mpaka kwenye daraja la miti, anapuliza kipenga mara tatu, anasikiliza, anarudi. Ubao ukiwa na pengo, anaendelea mpaka njia ndefu. Kanuni ilisema azunguke hata ubao ukijaa, lakini tuseme ukweli, siku za ubao kujaa tulikuwa tukimwambia, "Shemeji, nenda zako, mgonjwa anakungoja." Sote tulijua. Hata Meneja alijua, alijifanya hajui.

Mshahara wake ndio uliokuwa ukiendesha ile nyumba. Dawa, chakula, kila kitu.

Mimi getini nilikuwa nimetimiza miaka mitano bila kupoteza mgeni hata mmoja. Makao makuu wakasikia. Wakasema Bwana Mkubwa mwenyewe atakuja Alhamisi saa kumi na moja kamili, anipe cheti na koti zuri la kazi, lenye maandishi kifuani: MIAKA MITANO, WOTE SALAMA. Na picha nitapigwa mbele ya ubao uliojaa.

Wiki nzima nilikuwa natembea kifua mbele. Nilikata nywele. Nilifuta vumbi kibati kimoja kimoja.

Alhamisi ikafika.

Alhamisi ilikuwa siku ya Mwalimu. Huyu alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mstaafu, anakuja kila wiki na darubini yake na chupa ya chai, anatembea njia fupi peke yake. Alipenda kibati namba ishirini na saba. Kama nimempa mtu mwingine, alikuwa ananuna kabisa.

"Namba yangu umempa nani?"

"Mwalimu, nisamehe, leo chukua thelathini."

"Nyie vijana hamna utaratibu."

Siku hiyo nilimtunzia namba yake. Akaicheki, akaitia mfukoni mwa koti, akaniambia, "Nasikia leo unavishwa. Hongera. Usije ukajisahau." Akaingia.

Saa kumi na robo ubao ulikuwa na mapengo saba. Saa kumi na nusu, matatu. Familia yenye baiskeli ikarudi, mtoto analia, baba anachechemea, vibati viwili vikapanda juu.

Ikawa saa kumi na moja kasoro robo. Pengo moja.

Ishirini na saba.

Nilitoka nje nikachungulia njiani. Kimya. Nikarudi. Nikakaa. Nikasimama. Nje nikasikia gari la Bwana Mkubwa linapiga honi, na Meneja anakimbia kufunga vifungo vya shati.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojidanganya.

Nikajiambia, wageni wengine huondoka na vibati kama kumbukumbu. Mwezi uliopita kijana mmoja wa mahema aliondoka na cha kumi na nne, akakirudisha baada ya wiki. Labda na Mwalimu amepitia pembeni, hakutaka kusumbua wageni wakubwa. Labda kakisahau mfukoni. Yuko nyumbani zamani, anakunywa chai.

Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuondoka na kitu cha watu. Hata penseli yangu ya kuandikishia alikuwa akiiazima, anairudisha imechongwa. Hilo nililijua. Nilipolikumbuka, nililisukuma pembeni haraka.

Kwenye droo kulikuwa na kipande cha bati kipya, mkasi, nyundo, na vyuma vya kugongea namba alivyoviacha kaka.

Dakika tatu tu. Nikakata. Nikagonga mbili. Nikagonga saba. Nikatoboa tundu kwa msumari.

Nikatundika.

Ubao ukajaa.

Kipenga akaingia, kipenga kimening'inia shingoni, viatu vya mpira tayari miguuni.

"Shemeji, ubao vipi?"

"Umejaa."

Akautazama kwa mbali. "Mwalimu katoka? Sijamwona."

"Katoka, umepishana naye. Wewe nenda, kaka anakungoja. Hapa ni hotuba tu."

Akatabasamu. Akavua kipenga, akakitundika kwenye msumari wake. "Hongera baba. Leo umetutoa kimasomaso."

Akaenda zake.

Hotuba zikapigwa. Nikavishwa koti. Mpiga picha akasema, "Sogea ubaoni, cheka kidogo." Nikacheka. Jioni ile ile nikamtumia kaka ile picha kwenye simu, na akanijibu kwa sauti yake, amefurahi mpaka anakohoa, "Mdogo wangu! Kitanda chote kimechangamka!"

Usiku mvua ilinyesha. Niliisikia. Nikageukia upande wa pili.

Asubuhi saa moja, kabla sijafungua hata dirisha, mwanamke mmoja alikuwa amesimama getini na begi mkononi. Macho mekundu.

"Kaka, mimi ni binti wa Mwalimu. Nakaa mbali. Simu yake haipatikani tangu jana jioni. Nimefika kwake alfajiri, kitanda hakijalaliwa."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi wangu, hakuna aliyenishika.

Nikasema, "Ubao ulijaa jana, dada. Wote walitoka."

Nikamwonyesha kwa kidole. Jamani, nikamwonyesha kwa kidole!

"Basi yuko wapi?"

"Jaribu hospitalini. Labda alijisikia vibaya njiani."

Akaondoka mbio kwenda hospitalini. Nilimtuma mtu amtafute mama yake mahali ambapo nilijua hayupo.

Kipenga alikuwa ameingia kutia sahihi. Alisikia yote. Alikwenda ubaoni, akasogeza uso karibu, akakigusa kile kibati kwa kidole gumba, polepole. Vingine vyote vilikuwa vimefifia kwa kushikwashikwa miaka. Kile kilikuwa kinameta.

Hakunitazama. Alichukua kipenga, akaingia msituni karibu anakimbia.

Mimi nilibaki getini. Nikajiambia mtu wa ubao haachi ubao.

Baada ya saa nzima nikasikia kipenga. Mara tatu, ndefu, halafu tena mara tatu. Ndiyo ishara ya kuita machela. Nikakaa chini sakafuni.

Askari wawili wa msitu walimleta Mwalimu. Alikuwa ameteleza kwenye daraja la miti akavunjika kifundo cha mguu, akajiburuza mpaka chini ya gogo kujikinga na mvua. Simu ilikuwa imezama kwenye kijito. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Lakini alikuwa hai.

Walipompitisha mbele yangu, alifumbua macho. Hakunilaumu. Alikuwa kama anayenieleza tu, ili nielewe.

"Nilikuwa nasubiri kipenga," akasema. "Kila Alhamisi nakisikia. Jana hakikulia."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Hakuna tusi lililoniingia kama maneno hayo.

Na bado sikusema.

Jumatatu tukaitwa ofisini. Meneja, karani wake, mimi na Kipenga. Kikao hakikufika saa moja.

Meneja akaniuliza, "Ubao ulijaa?"

"Ulijaa, bosi. Picha ipo."

"Sasa kibati chake kilirudije kama yeye hakurudi?"

Nikasema, "Labda alikirudisha, akakumbuka kasahau kitu, akaingia tena. Si unajua, umri."

Mnaona? Mwanamke ambaye kichwa chake kilikuwa kizima kuliko changu, nikamfanya amechanganyikiwa. Yuko wodini na mguu kwenye plasta, hana wa kumtetea.

Meneja akamgeukia Kipenga. "Kanuni inasema uzunguke hata ubao ukijaa. Ulizunguka?"

Kipenga alikuwa amekaa mikono mapajani. Aligeuka akanitazama mimi, si Meneja. Alinitazama muda mrefu. Mkono mmoja ukaingia mfukoni mwa sketi, ukabaki humo.

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Sikuzunguka," akasema.

"Nani alikuruhusu?"

Bado ananitazama.

"Sikuzunguka, bosi. Ndiyo hivyo."

Kibarua chake kikaota nyasi siku hiyo hiyo. Alivua kipenga akakiweka juu ya meza yangu, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Wiki mbili nilikuwa naamka, navaa koti, naenda kazini. Chakula hakipiti. Nilikuwa nikisikia mtu anacheka barabarani, nadhani ni mimi nachekwa. Nilimtuma mtu apeleke mfuko wa unga na sabuni kwa kaka, mwenyewe nikashindwa kukanyaga. Mpaka kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, umetususa? Njoo Jumapili."

Nikaenda. Tena kwa akili zangu fupi, nilivaa lile koti, maana kulikuwa na baridi.

Chumba chao kilikuwa kile kile. Kitanda kando ya dirisha, mito mitatu mgongoni, kiti kimoja cha mgeni. Sasa kulikuwa na fungu la nguo za watu kwenye kona. Kipenga alikuwa ameanza kufulia majirani. Alinisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo shemeji," ingawa hatukuwa tukiamkiana hivyo, akatoka kwenda jikoni kuchemsha chai.

Kaka akaniita karibu. Simu mkononi.

"Njoo uone. Hii picha yako naiangalia kila siku. Nimewaonyesha wote wanaokuja hapa."

"Asante, kaka."

"Mtu akilala muda mrefu anaangalia sana vitu." Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza, akaikuza tena. Uso wangu ukapita, sikio likapita, ukabaki ubao. "Hebu tazama hapa. Hiki kimoja mbona kinang'aa kuliko wenzake?"

Jasho likanitoka, baridi yote ile.

"Labda ni taa ya kamera, kaka."

"Hapana. Taa inapiga vyote." Alikuwa anaongea kwa upole, vile alivyokuwa akinifundisha kushika nyundo nilipokuwa mdogo. "Tundu la vibati vyangu nililitoboa kwa keekee, ni la duara safi. Hili limetobolewa kwa msumari, limechanika. Na saba yangu mimi huigonga imesimama. Hii imelala. Hiki sikukikata mimi, mdogo wangu."

Akanigeuzia simu usoni.

"Nikukumbushe namba au unaijua?"

Kipenga, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, akaingia na chai. Akampa kaka kikombe chake. Akaweka changu kwenye kigoda mbele yangu, kikombe juu ya kisahani, na pembeni ya kisahani, pale ambapo mtu huweka kijiko, kulikuwa na kibati kilichofifia.

Ishirini na saba.

Kaka akanyoosha mkono, akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki ndicho changu," akasema.

"Mwalimu alinipa mkononi, kwenye machela," Kipenga akasema. "Aliniambia, chukua, wasije wakaandika sijarudisha. Anatetemeka vile, anawaza kibati chenu."

"Shemeji, kwa nini hukukitoa kwenye kikao?" nikauliza.

"Kilikuwa mfukoni. Nilikishika mpaka kikapata joto." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema huyu ni mdogo wa mume wangu, alinitafutia kazi, tumekula naye. Atasema mwenyewe. Nimpe nafasi. Ukaangalia viatu."

"Na hapa nyumbani je?"

"Hapa sikusema kwa sababu ya huyu." Akamgusa kaka mguu, ule mguu usiosikia. "Alikuwa anajisifia wewe kwa kila mtu. Nimwondolee na hilo?"

Kaka alikuwa ameuma midomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kumbe aligundua mwenyewe, peke yake na simu yake, wala mke hakumwambia mume, wala mume hakumwambia mke. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake aibu yangu.

"Vua hilo koti," kaka akasema. "Ndani ya nyumba yangu, vua."

Nikavua. Nikalia kama mtoto, pale pale, na hakuna aliyeninyamazisha.

Jumatatu asubuhi niliweka vibati viwili juu ya meza ya Meneja, kikuukuu na kipya, na lile koti limekunjwa. Nikasema yote, tangu mkasi mpaka "si unajua, umri". Alikuwa anageuka rangi. Aliniambia nitoke nikasubiri nje, nikasubiri siku nne.

Siku ya tano kikao kikaitishwa upya, na safari hii Mwalimu aliletwa, na magongo yake mawili na binti yake. Meneja akasema mimi nifukuzwe na Kipenga arudishwe. Kisha kwa heshima akamuuliza Mwalimu kama ana neno.

"Ninalo. Kwanza, kile kibati nilimkabidhi huyu mama. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja wodini kuniuliza. Mliamua tu kwamba mimi ni mzee."

Meneja akainamia karatasi zake.

"Pili, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Mtoto akiiba majibu, simfukuzi shule. Akifukuzwa anakwenda kusahau. Namkalisha mbele, naye anaandika upya mpaka aelewe." Akaninyooshea gongo. "Mpeni huyu kipenga. Na huyu mama mpeni ubao."

Binti yake akainuka kupinga. Alikuwa na haki ya kupinga. Mpaka leo hanisalimii, na mimi sidai salamu yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Huu ni mwaka wa tatu. Kipenga anakaa kwenye meza yangu ya zamani, ingawa jina limemganda na kipenga chenyewe ninacho mimi. Kile kibati kipya aliagiza kisitupwe. Amekipigilia pembeni ya ubao, mahali pasipo na msumari wa mgeni, na kila asubuhi nikitia sahihi kiko mbele ya macho yangu.

Mwalimu bado anakuja Alhamisi, kwa mkongojo sasa. Akitoka anampa Kipenga namba yake mkononi, wanaulizana habari za nyumbani. Akinipita mimi anasema tu, "Umepuliza?"

"Nimepuliza, Mwalimu."

"Uliposikiliza je?"

Hilo ndilo swali lake, na ndilo ninalowaachia ninyi mnaosoma. Kuna pengo mahali kwenye kazi yako, na unalijua. Usilizibe ili upendeze kwenye picha. Pengo lile ni mtu, na mtu huyo anakungoja wewe.

Kila jioni nazunguka mpaka kwenye daraja la miti, ubao ujae usijae. Napuliza mara tatu. Halafu nasimama pale pale, karibu na lile gogo, nasikiliza mpaka masikio yaume, ndipo narudi.